Fikra tunduizi na upimaji wa ushahidi

Fikra tunduizi ni mazoea ya kulichunguza dai kabla ya kulikubali au kulikataa: kuuliza nani amelitoa, amelijuaje, ushahidi wake ulipatikana wapi na lini, na kama kuna maelezo mengine yanayolingana na ushahidi huohuo. Upimaji wa ushahidi ndiyo sehemu yake ya vitendo. Hauhitaji maabara wala shahada. Mkulima anayeamua apande nini, mama anayechagua unga sokoni na mwanafunzi anayepokea ujumbe kwenye simu wote wanapima ushahidi kila siku, vizuri au vibaya.

Makala hii inaeleza jambo hilo kwa mifano inayotoka zaidi Dodoma na uwanda wa juu wa kati wa Tanzania. Eneo hilo lina mafunzo mengi ya namna hii, kwa sababu hali yake ya hewa humwadhibu haraka mtu anayeamini ushahidi wa msimu mmoja.

Jina

Neno tunduizi linatokana na kitenzi tunduia, yaani kuangalia jambo kwa makini. Nchini Tanzania istilahi hii hutumika sana katika elimu. Nchini Kenya husikika pia fikra za kina. Haina maana ya kubisha kila kitu. Anayekataa kila anachoambiwa hatofautiani sana na anayekubali kila anachoambiwa, kwani wote wawili wameacha kutazama ushahidi wenyewe.

Dalili na ushahidi

Methali ya Kiswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Methali hiyo ni sahihi, lakini husomwa mara nyingi kana kwamba mawingu ni mvua yenyewe. Dodoma wingu zito la alasiri ya Januari linaweza kupita juu ya kijiji kimoja bila kudondosha kitu na kunyesha kijiji cha jirani. Anayetaka kujua dalili fulani ina thamani gani hana budi kuhesabu mambo manne: siku za mawingu zilizonyesha, siku za mawingu zisizonyesha, siku zisizo na mawingu zilizonyesha, na siku zisizo na mawingu wala mvua. Watu wengi hukumbuka kundi la kwanza tu, kwa sababu dalili iliyotimia huzungumzwa na iliyoshindwa husahauliwa.

Hesabu hiyohiyo inafaa kwa dalili za jadi za msimu, kama vile kuchanua kwa miti fulani, mwelekeo wa upepo au tabia za ndege na wadudu, na inafaa pia kwa utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Utabiri wa msimu hutolewa kwa lugha ya uwezekano: mvua za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani. Kwa hiyo msimu mmoja uliokwenda kinyume hauthibitishi kwamba mamlaka haijui kazi yake, na mzee aliyepatia mara moja hajathibitisha kwamba mti wake haukosei. Wote hupimwa kwa misimu mingi.

Methali nyingine, lisemwalo lipo, ni mshauri mbaya zaidi katika jambo hili. Uvumi unaweza kuwa na chanzo cha kweli, lakini idadi ya watu wanaourudia si idadi ya mashahidi. Watu hamsini waliosikia habari moja kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja.

Nchi ya msimu mmoja wa mvua

Mji wa Dodoma upo kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Wastani huo ni mfano mzuri wa takwimu ya kweli inayoweza kupotosha. Mashamba mawili yanaweza kupata kiasi kilekile cha mvua, moja likapata kidogokidogo kwa miezi minne na jingine likapata dhoruba chache kubwa zikifuatwa na wiki nyingi za jua. La kwanza litavunwa, la pili litakauka, na katika daftari la mwaka yataonekana sawa. Mkulima wa Dodoma hauli wastani.

Wagogo, wenyeji wakuu wa sehemu hiyo, walijenga maisha yao juu ya kutokuwa na hakika huko. Walitegemea uwele na mtama, nafaka zinazostahimili ukame kuliko mahindi. Walikuwa pia na desturi ya kuweka baadhi ya ng'ombe kwa ndugu na rafiki wa mbali, ili ukame au maradhi ya mahali pamoja yasimalize kundi lote. Mtaalamu wa anthropolojia Peter Rigby aliandika juu ya mifugo na ukoo wa Wagogo katika kitabu chake cha mwaka 1969. Desturi kama hizo ni matokeo ya kuchunguza kwa vizazi vingi, ingawa hazikuandikwa kwenye majedwali.

Hata hivyo si kila balaa la eneo hili lilitokana na mvua. Njaa kubwa iliyojulikana kama Mtunya (takriban 1917–1920) hutajwa kwa kawaida kama njaa ya ukame. Ukame ulikuwepo. Lakini ilikuja wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo. Ukame uliikuta nchi ambayo maghala na mazizi yake yalikuwa yamekwisha kupunguzwa. Anayeuliza sababu ya njaa hiyo akaridhika na jibu la kwanza atapata nusu ya jibu.

Kongwa: mpango wa karanga

Mfano unaojulikana zaidi wa ushahidi uliopimwa vibaya katika Tanzania ya kati ni mpango wa karanga wa Tanganyika, uliotekelezwa na serikali ya Uingereza kati ya 1947 na 1951. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Kongwa, mashariki ya Dodoma.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, alipendekeza kwa serikali yake kulima karanga Afrika ya Mashariki kwa mashine na kwa eneo kubwa mno. Ujumbe wa watu watatu ulitumwa, ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa idara ya kilimo Tanganyika. Walikaa wiki tisa, na sehemu kubwa ya nchi waliiona wakiwa angani. Taarifa yao ilipendekeza kufyeka ekari 3,210,000, zilizogawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja: 80 Tanganyika na mengine Rhodesia ya Kaskazini na Kenya. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24 hivi kwa miaka sita. Waziri wa Chakula, John Strachey, alikuwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa mpango huo.

Wakati huo ushahidi juu ya Kongwa yenyewe ulikuwa mdogo sana. Hakukuwa na shamba la majaribio lililolimwa kwa mashine hizo, kwenye udongo huo, kwa misimu kadhaa. Pendekezo la kuanza na jaribio dogo lilikataliwa kwa hoja kwamba njaa ya mafuta Uingereza haikuruhusu kusubiri. Hoja ya haraka ilikuwa ya kweli, lakini haraka haiongezi ushahidi. Huongeza tu gharama ya kukosea.

Kosa jingine lilikuwa la kusoma dalili kinyume. Ardhi ya Kongwa ilipendeza kwa sababu ilikuwa na watu wachache, hivyo ilionekana kwamba ingeweza kuchukuliwa bila kuwahamisha wengi. Lakini ardhi tupu katikati ya nchi inayolimwa huuliza swali: kwa nini wenyeji, ambao ni wakulima, hawakulima hapa? Uchache wa watu ulikuwa wenyewe ushahidi kuhusu maji, vichaka na udongo. Ulihesabiwa kama faida.

Kundi la kwanza lilifika Kongwa mwanzoni mwa 1947. Matatizo yalitokea karibu mara moja. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita yaliyonunuliwa mbali, na yaliharibika haraka. Bandari ya Dar es Salaam na reli ya kati, yenye njia moja, zilielemewa na mizigo. Vichaka vilikuwa na mizizi migumu kuliko ilivyodhaniwa, na mibuyu mikubwa ilizuia kazi. Baadhi ya vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta, na minyororo ya nanga za meli ilifungwa kati ya tingatinga mbili ili kuangusha miti. Msimu wa kwanza lengo lilikuwa kupanda ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa karibu 7,500.

Kisha udongo ukatoa jibu lake. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi unaokuwa mgumu kama tofali kiangazi kinapoanza, na karanga huzaa chini ya ardhi. Zao likawa limekomaa na kufungiwa ndani. Mchanga wake mkali nao ulilika chuma cha majembe ya mashine. Idara ya sayansi, iliyoongozwa na Hugh Bunting, iliwekwa na kufanya uchunguzi wa maana wakati kazi imekwisha anza, yaani majibu ya maswali ya msingi yalikuwa yakitafutwa huku ufyekaji ukiendelea. Msimu wa 1948–1949 ukaleta ukame.

Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mpango na kutangaza hasara ya pauni milioni 36.5. Alan Wood, aliyekuwa mkuu wa habari wa mpango na kujiuzulu, aliandika kitabu juu yake kilichotoka mwaka 1950. Majengo ya Kongwa yalitumika kama shule ya watoto wa Kizungu, baadaye eneo likawa la ufugaji wa ng'ombe, na kuanzia miaka ya 1960 Kongwa ikawa na kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Ranchi ya Kongwa ipo hadi leo.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha wageni wasiojua Afrika. Usimulizi huo ni rahisi mno. Wakefield alikuwa ameitumikia Tanganyika kwa miaka, na waliohusika hawakuwa wajinga. Walikuwa na jibu walilolihitaji kabla ya kuuliza swali, na kila dalili iliyofika ilisomwa kwa kulifaa jibu hilo. Hali hiyo huitwa upendeleo wa kuthibitisha, na humpata pia mtu anayenunua kiwanja kwa haraka au anayemtetea mgombea wake.

Kondoa: kabla na baada

Kaskazini mwa Dodoma, katika milima ya Kondoa Irangi, tatizo lilikuwa mmomonyoko wa udongo. Makorongo yalikula mashamba, na mchanga ulifunika mabonde. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa kifupi HADO. Mwaka 1979 mifugo yote, takriban 90,000, iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Majani na miti vilirudi kwa kasi iliyoshangaza wengi.

Je, hiyo inathibitisha kwamba mifugo ndiyo iliyosababisha mmomonyoko? Ushahidi wa kabla na baada una nguvu hapa, kwa kuwa mabadiliko yalikuwa makubwa na ya haraka. Unaonyesha kwamba kuondoa mifugo kulisaidia uoto kurudi. Hauonyeshi kwamba mifugo pekee ndiyo iliyoyachimba makorongo hapo mwanzo. Hayo ni madai mawili, na huchanganywa mara kwa mara. Watafiti wa jiografia wa Chuo Kikuu cha Stockholm walichunguza umri wa tabaka za udongo ulioporomoka Kondoa, na wakakuta kwamba sehemu ya mmomonyoko ilitokea zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, wakati hali ya hewa ilipobadilika, na sehemu nyingine katika karne za karibuni zaidi.

Kuna pia swali la mahali ambapo kipimo kinaishia. Ndani ya mpaka wa hifadhi hali ilipendeza. Lakini ng'ombe waliofukuzwa hawakutoweka. Walipelekwa kwenye malisho ya wengine, na familia zilizobaki zilipoteza maziwa na samadi. Anayepima ndani ya mpaka tu ataona faida yote na nusu ya gharama. Kuanzia mwaka 1989 ufugaji wa ndani ya zizi uliruhusiwa katika eneo hilo.

Sumukuvu ya mwaka 2016

Katikati ya mwaka 2016 watu wa vijiji kadhaa vya mikoa ya Dodoma na Manyara walianza kuugua ugonjwa ambao mwanzoni haukujulikana. Walitapika, matumbo yalijaa na macho yaligeuka manjano. Hadi mlipuko ulipokwisha wagonjwa 68 walikuwa wameandikishwa, na 20 kati yao walifariki.

Macho ya manjano ni dalili ya ini kuathirika, na mambo mengi huathiri ini: virusi vya homa ya ini, homa ya manjano, dawa, sumu. Mwaka huohuo homa ya manjano ilikuwa imelipuka Angola, Kongo na Uganda, kwa hiyo kuihofia hakukuwa upuuzi. Ila ugonjwa unaoenezwa na mbu hauchagui chungu. Wagonjwa wanapokuwa wengi katika kaya moja, na kaya ya jirani inayoumwa na mbu walewale ikawa salama, mchunguzi huanza kutazama kinacholiwa.

Wataalamu walipolinganisha unga wa mahindi wa kaya zilizopata wagonjwa na ule wa kaya ambazo hazikupata, tofauti ilikuwa kubwa mno: unga wa kaya zilizougua ulikuwa na sumukuvu nyingi zaidi sana. Sumukuvu hiyo hutengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus, ambao huota kwenye mahindi na karanga, hasa mmea unapopata ukame shambani au nafaka inapohifadhiwa kabla haijakauka. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika ya Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo ya nafaka. Kenya ilikuwa imepata mlipuko mkubwa zaidi mwaka 2004 katika eneo la Makueni na Kitui, ambako wagonjwa 317 walihesabiwa na 125 walifariki. Huko nako kulinganisha kaya ndiko kulikoelekeza kwenye mahindi.

Sehemu muhimu ya uchunguzi wa namna hii ni kaya zisizougua. Kama ungepimwa unga wa wagonjwa tu na kukutwa na sumukuvu, mtu angeweza kujibu kwamba huenda mahindi ya kijiji kizima yako hivyo na watu wengine hawajafa. Bila kundi la kulinganishia, kipimo hakina la kusema.

Tukio hilo linaonyesha pia mpaka wa macho na ulimi. Mahindi yenye kuvu inayoonekana hutupwa au hulishwa mifugo, jambo ambalo nalo lina hatari zake. Lakini punje inaweza kuonekana nzuri na kuwa na sumu, na kupika ugali hakuiondoi. Mtu anayesema amekula mahindi kama hayo miaka yote na hajadhurika anaweza kuwa anasema kweli kuhusu jana. Sumukuvu kidogo inayoliwa kwa muda mrefu huongeza hatari ya saratani ya ini, madhara ambayo hayaonekani siku mtu anapokula, wala mwaka ule. Kukausha vizuri juu ya turubai badala ya ardhini, kuchagua punje zilizovunjika au kubadilika rangi na kuhifadhi pakavu hupunguza hatari. Wafanyabiashara wa soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, wana sababu ya kujali hayo kuliko wengine, kwani mahindi ya vijiji vingi huchanganyika hapo kabla ya kwenda mbali.

Kulinganisha shambani na dukani

Mkulima wa Chamwino au Bahi anaweza kuambiwa kwamba mbegu fulani ya mtama, au dawa fulani ya kunyunyizia, huongeza mavuno maradufu, na akaonyeshwa jirani aliyeitumia akavuna vizuri. Huenda mwaka huo mvua ilikuwa nzuri kwa wote. Huenda pia jirani ana shamba la bondeni, ana samadi, au alipalilia mapema. Jaribio la haki ni kuligawa shamba moja ngwe mbilimbili, zilizo kando kwa kando, zilizopandwa siku moja na kupaliliwa sawa, zikitofautiana kwa kitu kimoja tu kinachojaribiwa. Ngwe moja kila upande haitoshi, kwa sababu moja inaweza kuwa na kichuguu chenye rutuba. Mwaka mmoja nao hautoshi Dodoma. Vituo vya utafiti wa kilimo, kama kile cha Hombolo kinachoshughulikia mtama na uwele, hurudia majaribio mahali mbalimbali na kwa misimu kadhaa kabla ya mbegu kutolewa kwa wakulima, na sababu ni hiyohiyo.

Dawa za magonjwa huleta ugumu zaidi. Mafua huisha yenyewe, maumivu ya mgongo huja na kuondoka, na mtu hutafuta dawa siku anapozidiwa, yaani siku ambayo kwa kawaida hufuatwa na nafuu. Kwa hiyo karibu kila dawa, hata isiyo na kitu ndani yake, itakusanya watu wanaoapa kwamba iliwaponya. Hawasemi uongo. Waliyoyaona ni ya kweli. Kilichokosekana ni kujua wangekuwaje bila dawa ile. Wale ambao haikuwasaidia hawarudi kusimulia. Uzee wa tiba hautoshi kuwa uthibitisho, na vilevile upya wake, bei yake kubwa au kutoka kwake ng'ambo.

Je, hufundishika?

Serikali ya Tanzania ilitaja nia hiyo mapema. Katika waraka wake wa mwaka 1967 juu ya elimu ya kujitegemea, Julius Nyerere alitaka shule zimjenge mwanafunzi mwenye akili ya kudadisi, anayeweza kujifunza kwa wengine na kukataa au kurekebisha asichokihitaji. Jinsi ya kufanya hivyo darasani lenye wanafunzi wengi na mtihani wa mwisho unaodai majibu ya kukariri ni swali jingine, na bado linawasumbua walimu.

Jaribio kubwa zaidi la kupima swali hilo katika Afrika ya Mashariki lilifanyika Uganda mwaka 2016. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wakishirikiana na wenzao wa Norwei, wakiwemo Allen Nsangi na Daniel Semakula, walitunga kitabu cha katuni cha kuwafundisha watoto kupima madai kuhusu tiba. Shule za msingi 120 za Uganda ya kati ziligawanywa kwa bahati nasibu: nusu zilipata kitabu na masomo tisa katika muhula mmoja, nusu ziliendelea kama kawaida. Watoto zaidi ya 10,000 wa darasa la tano walishiriki. Mwishoni asilimia 69 ya watoto waliofundishwa walifaulu mtihani wa kupima madai, ikilinganishwa na asilimia 27 ya wale wa shule nyingine. Baada ya mwaka mmoja tofauti ilikuwa bado ipo: asilimia 80 dhidi ya 52 hivi.

Wazazi wa baadhi ya watoto walipewa vipindi vya sauti vyenye maudhui kama hayo. Asilimia 71 walifaulu, dhidi ya 38 ya wazazi waliosikiliza matangazo ya kawaida ya afya, lakini baada ya mwaka tofauti hiyo ilipungua sana. Watoto walidumisha walichojifunza kuliko wakubwa. Utafiti wenyewe una mpaka wake: ulipima majibu ya maswali ya kuchagua, na mtu anaweza kujibu vizuri karatasini halafu akanunua chupa ileile ya dawa barabarani. Ila ulifanya jambo ambalo miradi mingi ya elimu hailifanyi, yaani ulijiweka wenyewe kwenye mizani uliyokuwa ukiifundisha.

Habari za mitandaoni na takwimu

Katika makundi ya WhatsApp habari huja bila tarehe na bila mwenyewe. Picha ya mafuriko ya zamani hurudi kila mvua zinapoanza, ikiwa na jina jipya la mahali. Hatua za kwanza za kuipima ni nyepesi: kutafuta tarehe na chanzo cha picha, kuangalia kama chombo kingine kisichonakili kimeandika habari hiyo, na kuuliza aliyeituma ameipata wapi. Kuna vikundi vinavyofanya kazi hiyo kwa umma, kama Nukta Fakti na JamiiCheck nchini Tanzania na PesaCheck iliyoanzia Kenya.

Takwimu rasmi zina uzito zaidi ya ujumbe wa simu, kwa kuwa njia iliyotumika kuzipata huandikwa na inaweza kukaguliwa. Uzito huo hautokani na muhuri. Swali la nani anaruhusiwa kuzikagua lilifika bungeni Dodoma. Mwezi Septemba 2018 Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilirekebishwa, ikawa kosa kuchapisha takwimu zenye nia ya kupinga au kupotosha takwimu rasmi. Watafiti, mashirika ya kiraia na Benki ya Dunia walieleza wasiwasi wao, kwani mtu aliyepima mavuno au umaskini kwa njia nyingine na kupata jibu tofauti angeweza kushtakiwa kwa kulitangaza. Mwaka 2019 Bunge liliirekebisha tena sheria hiyo na kukiondoa kipengele hicho.